Chatu Chini ya Spika

Mwezi wa sita mwaka wa tisini na nne, Ambindwile alinifuata kwa miguu yake mwenyewe. Nilikuwa kwa Idrisa, fundi cherehani wa Ibighi, nimekaa karibu na pasi yake ya mkaa kwa sababu chumbani kwangu hakukuwa na moto. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati na manyunyu hayakuwa yamekatika tangu juzi yake.

"Alinanuswe, kijana wangu," alisema, akikunja mwavuli mlangoni.

Miezi kumi na moja hakuwa amelitaja jina langu. Akinihitaji katika maneno yake alisema "yule malenga," na watu waliokuwa wakinywea kwake walicheka.

"Shikamoo," nikasema. Mama yangu alinilea vizuri. Ingekuwa kwa stahili yake, nisingeitoa.

"Marahaba. Wanasema ulikulia kwa mjomba wako kule Ipinda, mkikamata nyoka."

"Mjomba ndiye aliyekamata. Mimi niliwatunza mpaka gari la mnunuzi lije."

"Basi nina chatu, nimemtoa Kyela. Hataki kula."

"Tangu lini?"

"Hii wiki ya pili. Nimempa jogoo mzima, anamtazama tu. Jana jogoo kampanda mgongoni akawika."

Idrisa alisimamisha cherehani. "Mzee, huyo jogoo ndiye umweke kwenye maonyesho. Chatu mpeleke sokoni."

Ambindwile hakucheka. Alikuwa mtu mkubwa wa kifua, mwenye koti zuri la mtumba alilolichagua Mbeya kabla marobota hayajafunguliwa kwa watu wote. Siku zile kila kitu kilikuwa ruksa. Aliyekuwa karani wa ushirika jana, leo alikuwa na baa, gesti yenye vyumba vinne, na redio kaseti yenye spika mbili za urefu wa mtoto wa darasa la pili. Baa yake iliitwa Mwanga Mpya. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba ilikuwa inatimiza mwaka, na mwezi wa kumi ulikuwa na uchaguzi wa madiwani. Kila mtu mjini alijua kwamba Ambindwile anautaka udiwani kama mtoto anavyotaka ziwa.

"Nitakuja nimwone," nilisema.

Alipoondoka, Idrisa alinitazama juu ya miwani yake. "Utaenda kweli? Baada ya yale?"

"Nitaenda kwa sababu ya yale."

Yale yalikuwa hivi. Mwaka uliotangulia, baa ilipokuwa inafunguliwa, nilimpelekea Ambindwile daftari langu. Lilikuwa kubwa, la kurasa mia mbili, limejaa mashairi ya miaka mitatu. Hakuna mwalimu aliyenifundisha kuyatunga. Nilijifunza kupima mizani kwa kugonga vidole mezani, nikahesabu mpaka vikauma. Nilimwomba achague shairi moja ambalo ningelikariri siku ya ufunguzi. Alilipokea, akaliweka nyuma ya kaunta, akasema atalitazama.

Siku ya ufunguzi nilivaa shati lililopigwa pasi na Idrisa. Nilikaa nikingoja kuitwa. Badala yake mtu wa meza ya jirani alinunua karanga, na karatasi iliyozungushiwa karanga zile ilikuwa na mwandiko wangu. Aliisoma kwa sauti, mdomo umejaa: "Mama ulipoondoka, ukungu ulishukia." Akasema, "Kumbe hizi karanga zina msiba." Meza nzima ikacheka. Nilizunguka baa nikiokota. Daftari zima lilikuwa limechanwa, kurasa zote mia mbili, na nyingi zilikuwa tayari ziko matopeni zimelowa mafuta na chumvi.

Nilimwendea Ambindwile kaunta. Aliniambia mbele ya watu, wala hakushusha sauti: "Kijana, zama hizi ni za biashara. Mashairi yalikuwa ya mikutano ya kijiji. Karatasi iliyoandikwa pande zote mbili, unadhani itafanya kazi gani nyingine?"

Nilitoka na kurasa tisa mkononi. Na nilipofika daraja la kuingia mtaani kwetu niliapa kwamba mtu yule ataaibika mbele ya watu wale wale, kwa neno langu, na karanga zikiwemo.

Kwa hiyo nilienda kumwona chatu nikiwa na nia moja tu, nayo haikuwa nzuri. Chatu anayetolewa joto la Kyela na kuletwa baridi ya Tukuyu hahitaji adui. Ningekaa tu, nimwambie Ambindwile angoje, na yule nyoka angekufa wiki moja kabla ya sherehe. Nilifika nikiwa nimeyapanga hata maneno ya pole.

Walikuwa wamemtia kwenye kabati la kioo, lile linalowekwa maandazi na chapati mahotelini. Lilikuwa limesimama juu ya kreti za bia, chini kabisa ya spika. Juu yake waliwasha balbu, mchana na usiku, ili aonekane. Chini hakukuwa na kitu ila bati tupu. Alikuwa na urefu wa kitanda na unene wa mkono wangu hapa kwenye msuli, madoadoa ya kahawia na manjano, kijana bado. Alikuwa amejifunga fundo kwenye kona, kichwa katikati, na kila mlevi alipopita aligonga kioo kwa ufunguo au kwa pete. Kila kioo kilipogongwa aliruka kukipiga. Pua yake ilikuwa imechubuka mpaka nyama nyekundu inaonekana.

Nilipiga magoti nikatazama. Nyoka hana masikio, lakini husikia kwa taya na tumbo, kwa kila kitu kinachotetemesha mahali alipolala. Wimbo ulipiga besi, na bati lile likatetemeka, na ngozi ya ubavuni mwake ikatetemeka pamoja nalo. Wiki mbili alikuwa amelala ndani ya ngoma.

Watu walikuwa wanamcheka kwamba ni mwoga, kashindwa na jogoo. Na mimi nilizijua zile meza. Niliijua ile sauti ya kucheka.

Nikabadili nia pale pale, nikiwa bado nimepiga magoti. Sikuacha kisasi, nilikitafutia njia nyingine tu.

"Atapona," nilimwambia Ambindwile. "Lakini mshahara wako siutaki."

"Unataka nini?"

"Nikisema jambo linalomhusu chatu, liwe. Bila kuulizwa."

Alikubali kwa kichwa. "Na Jumamosi ile nitaweza kumvaa?"

"Kumvaa vipi?"

Akaninong'oneza, kwa furaha ya mtu aliyekaa na siri yake muda mrefu. "Dar es Salaam niliona mtu hotelini kamvaa chatu shingoni kama skafu, Wazungu wanampiga picha. Nikasema, hili nikilifanya Tukuyu, mchezo umekwisha. Wewe ni wa hapa, unajua wazee wanavyosema."

Nilijua. Kwetu wazee husema mwenye nguvu za kulinda kijiji ana chatu tumboni mwake, na ndiye anayewaona wachawi na kuwazuia. Husema pia kwamba mchawi anaye wa kwake. Wakristo wa mjini hulicheka jambo hilo mchana, lakini usiku hakuna anayelitania. Ambindwile alitaka watu wamwone chatu kwake nje, wapate kuamini yuko na mwingine ndani. Nani angempinga diwani wa namna hiyo?

"Akizoea, utamvaa," nilisema.

Siku hiyo hiyo nikaanza kazi. Nilimhamisha chatu, kabati na yote, nikampeleka stoo iliyo nyuma ya jiko, kwenye ukuta uliopakana na mafiga. Ukuta ule ulikuwa na uvuguvugu tangu alfajiri mpaka watu wanapolala. Balbu niliitoa. Kioo nilikiziba kwa magunia pande tatu, na ule wa nne nikatundika blanketi. Chini nilitandika majani makavu ya migomba, mengi, ya kujizika ndani. Nilitafuta chungu kilichopasuka, kile kikubwa cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, nikakifudikiza nikamwachia tundu la kuingilia. Nikamwekea beseni la maji la kutosha kujiloweka. Halafu chupa: nilijaza maji ya moto kwenye chupa nne za bia, nikazivisha soksi, nikazipanga upande mmoja wa kabati. Upande wa pili niliuacha wa baridi, ili achague mwenyewe. Mjomba alikuwa akisema chatu aliyenyimwa kuchagua hufa huku anapumua.

Tupokigwe ndiye aliyenichemshia maji. Alikuwa mama wa jikoni, mwanamke wa Kisondela mwenye mikono ya haraka. Kukaanga karanga na kuzifunga ilikuwa kazi yake. Mwaka ule uliopita ndiye aliyechana daftari langu, kwa amri, na alishaniomba radhi mara mbili bila mimi kumwomba afanye hivyo.

"Sasa umeshamfanyia kitanda," alisema. "Bado kumwimbia."

"Bado kuwanyamazisha wengine."

Nikaenda kaunta. Nilimwambia Ambindwile kwamba hakuna mtu kuingia stoo ila mimi, hata yeye mwenyewe asiingie. Nikamwambia hakuna kumshika chatu mpaka niseme. Kisha nikamwambia muziki uzimwe.

"Uzimwe lini?"

"Leo. Mpaka ale."

"Baa bila muziki, Alinanuswe? Hiyo ni kanisa."

"Ukuta wa stoo ndio ukuta wa spika. Tulikubaliana. Au tumwache afe, umvae akiwa mfu?"

Akazima. Nilitamani Idrisa angekuwepo aone mkono ule ukizima redio.

Kila nilichodai kilikuwa cha kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Siku ya tatu vijana wa mjini walihamia baa ya juu ya barabara, iliyokuwa na video. Siku ya tano waliobaki Mwanga Mpya walikuwa walimu wawili na mzee mmoja kiziwi. Ambindwile alikaa nyuma ya kaunta yake akifuta glasi zilizokuwa safi. Nilipopita na chupa zangu za maji ya moto nilimsalimu kwa heshima zote.

Siku ya sita alipokea kreti za bia mlangoni akamwambia dereva ashushe taratibu. Dereva akamwuliza, "Kuna mgonjwa?" Akajibu, "Kuna mgeni." Nililiandika jibu hilo nilipofika nyumbani.

Lakini stoo mle kulikuwa na jambo jingine, nami sitalificha. Nilikuwa nikiingia mara mbili kwa siku kubadilisha chupa. Siku nne za kwanza sikumwona kabisa, niliona chungu tu. Siku ya tano nilikuta alama ya tumbo kwenye majani, kutoka chunguni hadi kwenye beseni. Siku ya nane alichungulia. Ulimi ulitoka, ukaonja hewa, ukarudi, ukatoka tena polepole. Hakuruka. Nilikaa chini mbali naye, nikaanza kukariri kwa sauti ya chini yale mashairi niliyokuwa bado nayakumbuka kichwani, ya kurasa zilizoliwa na matope. Hakuwa na masikio ya kunisikia. Hata hivyo kwa mwaka mzima yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa mpaka mwisho wa shairi.

Siku ya kumi na mbili macho yake yaliingia ukungu mweupe. Nilijua maana yake, nikamlowanishia gunia moja. Baada ya siku sita nilikuta ngozi yake yote imevuliwa kwa kipande kimoja, imenasa kwenye mdomo wa chungu, na yeye amelala upande wa joto amejinyoosha anang'aa. Pua ilikuwa imepona. Nilimshika kwa mara ya kwanza siku ile, akanizunguka mkono bila kubana. Nikamwita Ambindwile, nikamwonyesha namna ya kumbeba, mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya tumbo. Alikuwa na uoga mwanzoni. Kisha akajitazama kwenye kioo cha kabati, chatu mabegani, na sura yake ikabadilika kama ya bwana harusi.

"Sasa ale tu," alisema, "tuwashe muziki."

Zilikuwa zimebaki siku nne kufika Jumamosi. Nilikwenda nyumbani nikachukua karatasi tano, nikaandika beti tano, ubeti mmoja kila karatasi, kwa mwandiko wangu bora. Zilikuwa kanuni zote za kumtunza chatu yule, hakuna iliyoachwa na hakuna ya uongo. Wa kwanza ulisema:

Chatu ametoka joto, kwetu baridi yauma,
Mpe chupa zenye moto, upande wa kuegama,
Mziki wako mzito, zima, apate kuhema,
Ni mgeni si kipato, umstahi kama mama.

Nilimpa asubuhi ya Alhamisi, mkononi. "Mzee, haya ndiyo maelekezo. Yote nimeandika humo. Yasome kabla ya Jumamosi."

Alitupia jicho juu ya karatasi ya kwanza, akaona mistari imegawanyika katikati, akacheka puani. "Hata nyoka unamtungia?"

"Kila mtu huandika anavyojua."

"Haya, haya. Nitasoma."

Nilikwenda stoo. Saa nane mchana nilimpa chatu sungura aliyekwishakufa, wa moto bado. Alimtazama, ulimi ukapima, na kabla sijavuta pumzi alikuwa ameshamkumbatia. Kumeza kulichukua karibu nusu saa. Niliketi nikatazama lile fundo likishuka ndani ya mwili wake, taratibu, na nikajua kabisa nilichokuwa nimefanya. Chatu aliyeshiba habebwi. Akibebwa kabla chakula hakijayeyuka hukitoa chote kwa njia kiliyoingilia. Ningeweza kungoja nikamlisha Jumapili. Njaa ya siku tatu zaidi isingemdhuru. Sikungoja.

Nilipotoka, Tupokigwe alikuwa anaviringisha vikaratasi vya karanga za Jumamosi. Juu ya lundo lake la magazeti ya zamani kulikuwa na karatasi tano nyeupe.

"Kaniambia nizitumie," alisema. "Nikamwuliza, umeshazisoma? Akasema fanya kazi yako." Alinitazama vizuri. "Nimezisoma mimi. Huu wa pili. Umeandika kwa shairi makusudi."

"Nimeandika."

"Ungemwambia kwa mdomo angesikia."

"Daftari langu nalo lilikuwa na mdomo?"

Aliikunja karatasi pembe kwa pembe. "Na huyo mnyama je? Yeye alikuchania nini?"

Kwa kuwa nilikuwa na kiburi nilijifanya sikusikia. Nilimwambia Ambindwile kwamba chatu amekula, nikamwona akiruka kutoka nyuma ya kaunta na kuiwasha redio kwa nguvu zote. Hakuuliza kitu kingine.

Jumamosi ukungu uliondoka kabla ya saa nne, mlima ukaonekana wote. Mchana uwanja wa Mwanga Mpya ulijaa. Walikuja wa Ibighi, wa Kiwira waliotoka zamu ya mgodini, na wazee kutoka vijijini waliosikia habari za chatu. Wazee walikaa mbele, kwenye mabenchi, mikono juu ya fimbo. Idrisa alikuwa mstari wa pili. Aliyekuwa ametania kwamba karanga zina msiba naye alikuwepo, meza ile ile.

Ambindwile alitoka na suti ya kijivu, Idrisa ndiye aliyempunguzia suruali. Alihutubia habari za maendeleo, barabara, na maji. Kisha akasema, "Watu wananiuliza, Ambindwile una nguvu gani? Leo mtaiona." Akaingia stoo mwenyewe. Mimi nilisimama mlangoni pa jiko. Alinipita na harufu ya manukato, na sikumzuia.

Alitoka amemvaa. Kelele zikazimika zenyewe. Hata walevi walisimama. Chatu alikuwa mzito, na lile fundo la sungura lilikuwa limemkalia Ambindwile juu ya kifua kama medali. Bibi mmoja wa mbele aliinamisha kichwa. Nilimwona Ambindwile akimwona, nikaiona furaha ikimjaa mpaka kwenye masikio. Akatembea mbele ya mabenchi. Akageuka. Akainua mikono yote miwili juu, na chatu akaning'inia shingoni bila kushikwa.

Muziki ukapigwa ghafla, kama walivyopanga.

Niliona mwili wa chatu ukikaza. Ukapita mkunjo mmoja kutoka mkiani kwenda mbele, kisha wa pili. Akapanua mdomo, akanyoosha shingo juu ya bega la Ambindwile, na sungura akatoka. Alitoka kichwa kikiwa mwisho, amevuliwa manyoya nusu, kijivu, laini, katika maji mengi. Alishuka kwenye ukosi wa suti, akapita kifuani, akaanguka kwenye kiatu. Harufu ilifika kwangu kabla ya sauti ya watu.

Ambindwile alisimama na mikono yake bado ikiwa juu.

Mtu mmoja akazima redio. Katika ule ukimya mzee mmoja wa mbele alisema, kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa, polepole kama anayesoma tangazo, "Basi. La tumboni limemtoka." Yule bibi aliyeinamisha kichwa akakiinua, akachukua kapu lake, akaanza kuondoka. Wazee wa benchi lake wakamfuata mmoja mmoja, bila haraka, wakizunguka mbali na yale maji.

Sijui kama mkono wa Mungu ulikuwemo au wa Tupokigwe. Idrisa alikuwa amemaliza karanga zake. Idrisa husoma kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa saruji, na husoma kwa sauti. Alikunjua kikaratasi chake, akasukuma miwani, akasoma:

"Akimeza usishike, siku saba zihesabu,
Tumbo liache lipike, kitoweo taratibu,
Beba, naye atapike, mbele za watu, aibu,
Shairi hili lishike, lina dawa na jawabu."

Akageuza upande wa pili. Akarudi wa kwanza. "Jamani," akasema, "hizi karanga zilikuwa zinajua."

Kicheko kilianzia meza ya yule mtani, kikasambaa hadi barabarani. Watu walikunjua vikaratasi vyao kutafuta beti nyingine. Mchimba makaa ya mawe wa Kiwira alipanda juu ya kiti akausoma tena ule wa pili, na waliomzunguka wakapokea mstari wa tatu kwa pamoja kama kiitikio. Nimeota sana mashairi yangu yakisomwa na umati. Sikuwahi kuota yakipokelewa vile.

Ambindwile alinitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Ulijua," alisema.

"Niliandika," nikamjibu. "Upande mmoja tu, usije ukasema haina kazi nyingine ila karanga."

Sijutii aibu yake. Siku ile sikujuta, na hata leo ninapoandika haya, udiwani ukiwa umemwendea mtu mwingine, sijutii. Anayetaka nijifanye mwema atafute msimulizi mwingine.

Lakini chatu alikuwa bado shingoni mwake, na alikuwa analegea. Kichwa kilikuwa kimening'inia. Ambindwile alimshika kama mtu anavyoshika nguo chafu, akamtupa chini kwenye saruji. "Mwueni," alisema. "Leteni panga."

Nilikimbia. Sikumbuki kuwapita watu. Nilimwokota, mikono miwili, mmoja chini ya shingo na mmoja chini ya tumbo, na tumbo lilikuwa tupu na limeingia ndani, na kwenye pua ile iliyokuwa imepona kulikuwa na damu mpya. Tupokigwe alinifungulia mlango wa nyuma akanirushia gunia na soksi za chupa. La kwake alishalinena Alhamisi.

Nilimweka chumbani kwangu. Nilinunua mkaa. Nilikopa chungu kwa jirani, nikatandika majani ya migomba kwenye sanduku langu la nguo, nikarudia yote tangu mwanzo: giza, maji, joto upande mmoja na baridi upande wa pili. Chatu aliyetapika asipewe chakula haraka, tumbo lake lina vidonda. Nilingoja siku kumi na sita. Nje, vijana waliopita dirishani walinikariria mstari wangu wa tatu na kuniita malenga, safari hii bila kicheko, na Idrisa alikuja kusema kwamba mwalimu mmoja anataka beti zote tano azifundishe darasani. Nilimwambia anyamaze kidogo, ukuta unatetemeka.

Siku ya kumi na saba nilimwekea panya mdogo, nikatoka, nikakaa kizingitini nikiupa mlango mgongo. Sikukariri kitu. Nilikuwa nimejaribu kumtungia ubeti wa kumwomba radhi, mizani ikakataa kila nilipofika kwenye neno lenyewe. Nilikaa na vidole vyangu vimetulia magotini, mpaka niliposikia chungu kikisogea.